Tarbushi Jikoni

Tarbushi haishiki moto upesi. Hilo nalijua kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye Januari 1964 aliitia jikoni tarbushi ya marehemu mumewe, katikati ya mafiga, nyumbani kwao Kikwajuni. Kwanza ilifuka tu, alisema, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, maana ile ni sufu, manyoya ya mnyama yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu. Kishada cheusi ndicho kilichotangulia. Iliyobaki ilibidi aikatekate kwa kisu cha samaki na kuulisha moto kidogo kidogo, dirisha limefungwa. Aliponihadithia nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilicheka, kwa sababu aliigiza namna alivyokuwa akikohoa. Yeye hakucheka.

Babu alikuwa polisi. Alizaliwa Unyanyembe, akavuka bahari akiwa kijana, akaingia kazini miaka ya thelathini, akastaafu, akafa 1958 kitandani mwake kwa maradhi. Hakumwokoa mtu, na kwa kadiri ya habari zilizotufikia hakumuua mtu. Kilichobaki katika sare yake ni kifungo kimoja cha shaba, ambacho bibi alikisahau ndani ya kopo la vifungo na kukikuta miaka mingi baadaye akitafuta cha kushonea shati. Sasa ninacho mimi.

Mwaka jana tulikusanyika watu saba sebuleni kwa rafiki yangu kutazama *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, filamu ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Baada ya filamu mazungumzo yakaelekea kwa polisi wa zama zile, nami nikajikuta nikimtaja babu. Mwenzetu mmoja akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Kwani babu yako alikuwa askari wa nani hasa?" Nikajibu kwa mzaha, kwamba alikuwa askari wa bibi yangu. Watu wakacheka. Njiani, nikipita Mnazi Mmoja usiku, nilitambua kwamba sina jibu, na kwamba vitabu ninavyovipenda havikunipa. Basi nikaanza kuisoma sare.

Nimesema kuisoma kwa sababu nguo hii ina maandishi, na yapo yaliyoandikwa juu yake, na mengi katika hayo nina ugomvi nayo.

Habari inaanza Agosti 1877. Sayyid Barghash alitaka jeshi la kisasa. Mpaka hapo ulinzi wake ulikuwa wa Waarabu na watu wa upande wa Uajemi, kila kundi na mavazi yake na silaha zake. Jeshi la majini la Uingereza likamwazima luteni mmoja, Lloyd William Mathews, kijana wa miaka 27 aliyezaliwa Funchal katika kisiwa cha Madeira, na ambaye alikuwa hapa Unguja kwenye manowari *London* akizuia majahazi ya watumwa. Uingereza ilikwisha kutoa zawadi ya bunduki 500 kwa ushawishi wa balozi wake, John Kirk. Kabla ya mwaka kwisha Mathews alikuwa na watu 300 wenye sare wanaofunzwa gwaride. Kufika 1880 walikuwa 1,300. Mwaka uliofuata aliacha utumishi wa jeshi la majini, naye Sultani akampa cheo cha brigedia jenerali. Kwao alikuwa luteni. Kwetu, kwa kubadilisha koti, akawa jenerali.

Sare yenyewe imeelezwa vizuri. Askari wa kawaida: kofia nyekundu, kikoti kifupi cheusi, suruali nyeupe. Maofisa Waarabu: koti refu la buluu iliyoiva na suruali ya rangi hiyo hiyo, lenye almaria za dhahabu na fedha. Wanaoandika huongeza kwamba huenda hilo koti la maofisa liliigwa kutoka jeshi la majini alilolizoea Mathews, na nadhani ni kweli. Mtu hushona anachokijua.

Ugomvi wangu unaanza hapo. Simulizi hizi zina macho makali kwa rangi, tena zinajua mpaka almaria ilikuwa ya madini gani, lakini zikifika kwa aliyevaa zinageuka hesabu: 300, 1,300. Robert Nunez Lyne, aliyeandika maisha ya Mathews, aliiita kazi yake ya 1936 *An Apostle of Empire*, yaani mtume wa himaya, na jina hilo peke yake linakueleza kamera imesimama wapi. Jeshi ni kazi ya mikono ya mtume. Askari ni udongo.

Na hali udongo huo una habari kubwa kuliko almaria zote. Mathews aliwafungulia mlango Waafrika wa visiwani na wa bara, na hapo ndipo alipowapata watu kwa njia ambazo hata wampendao huziita za ajabu. Aliwanunua watumwa kutoka kwa mabwana zao. Aliwatoa watu gerezani. Aliwaandikisha waliookolewa kwenye majahazi. Hebu tuishike hiyo ya mwisho kidogo. Mtu amekamatwa huko bara, labda upande wa Nyasa, amefungwa, ametembezwa miezi, ametiwa jahazini usiku. Baharini meli ya Kizungu inalikamata jahazi, naye anaambiwa yu huru. Kisha anapewa kikoti cheusi na kofia nyekundu na kufundishwa kugeuka kulia kwa pamoja. Uhuru wake umekuja na vifungo. Je, alikuwa ameachwa huru au amehamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine? Mwanahistoria ana haki ya kusema hajui, kwa kuwa yule mtu hakuandika. Ila swali lenyewe lingeulizwa. Rangi ya suruali ilipata sentensi nzima.

Katika duka moja la vitu vya kale huku Mji Mkongwe nilinunua kadi ya posta, nakala ya nakala, yenye safu ya askari kumi na mmoja. Haina mwaka wala jina la mpiga picha. Kofia zao ni nyeusi. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba sahani za picha za zamani hazikuiona rangi nyekundu, ziliigeuza giza, kwa hiyo wekundu ule uliotajwa na kila mwandishi ndio hasa ambao picha haiwezi kuutoa. Na kinachotolewa na picha, waandishi hawakukitaja: miguu. Kumi na mmoja wote wako peku. Juu wamekamilika mpaka kidevuni, chini vidole vimepanuka juu ya mchanga. Si jambo la Unguja peke yake. Hata askari wa King's African Rifles walitembea sana bila viatu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini ukiitazama picha kutoka chini kwenda juu, badala ya juu kwenda chini kama sare inavyotaka utazame, unaona mpaka wa gharama. Mwenye kulipia amefika kwenye kifundo cha mguu akasema basi.

Nikaipeleka kadi kwa fundi cherehani, mzee wa Mlandege ambaye amenishonea tangu sare za skuli. Nikamwambia: "Shikamoo, baba. Leo sijaja na kitambaa, nataka unisomee picha." Akaitazama kwa miwani, kisha akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Hiki kikoti hakikupimwa mtu," alisema.

"Umejuaje?"

"Tazama mabega. Huyu mshono umemwangukia mkononi, na huyu wa pili umempanda shingoni. Saizi moja, miili kumi na moja. Vimekuja vimefungwa mitumba, wakagaiwa." Akanyamaza, akacheka kidogo. "Lakini huyu hapa, mwanangu, huyu wa nne, huyu kampelekea fundi. Kiuno kimepunguzwa. Umeona? Huyu alikuwa mtanashati."

Nilikuwa nimeitazama ile kadi kwa wiki tatu na sikuwa nimemwona mtanashati. Sasa simwoni mwingine. Kati ya watu waliopangwa ili wafanane, mmoja alikwenda kwa fundi, akatoa pesa zake, akasema nibane hapa. Nakiri kwamba fundi wangu anaweza kuwa amekosea, kwamba mshono ule ni kivuli tu. Hata hivyo hakuna mwandishi wa jenerali yeyote aliyenipa mtu mmoja kamili kama alivyonipa yeye kwa dakika tano, na hakutaka malipo, alitaka nimletee kadi nyingine.

Kofia nayo ina safari yake. Wasomi wetu wa leo hupenda neno uigaji: Sultani alimwiga Mzungu. Kwa koti, sawa. Lakini kofia nyekundu juu ya kichwa cha askari wa mfalme Mwislamu, katika miaka ya 1870, haikutazama London. Ilitazama Istanbul. Huko Sultani Mahmud wa Pili aliwavisha tarbushi askari wake na kisha watumishi wa dola katika miaka ya 1820, na ikakaa karibu karne nzima, mpaka Mustafa Kemal alipoipiga marufuku 1925. Misri iliivaa. Na Misri ilifika mlangoni kwetu. Mwaka 1875, baada ya Barghash kutembelea Uingereza na Ufaransa na kukaribishwa Misri njiani akirudi, Khedivu Ismail alituma manowari zikateremsha askari Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya bendera nyekundu ya Unguja. Aliyewaongoza ni McKillop Pasha, Mwingereza katika utumishi wa Misri, na pamoja naye alikuwamo Mmarekani, Chaillé-Long. Askari wa Barghash waliondolewa kwenye ngome zao, na ni shinikizo la Uingereza lililomfanya Khedivu awarudishe watu wake. Miaka miwili baadaye Barghash naye ana Mwingereza wake, na askari wake wana kofia nyekundu. Sisemi alinakili. Nasema alikwisha kuona kwa macho namna dola ya Kiislamu inavyomkodi afisa wa Kikristo na kumvisha, na alikuwa ndiye aliyepigwa na jambo hilo.

Ndiyo maana nayaona mavazi haya kama mkataba zaidi kuliko kioo. Koti linasema: tumefunzwa na hawa. Kofia inasema: lakini sisi ni wa huyu. Mvaaji amesimama baina ya sentensi mbili. Dola ya Uthmaniyya yenyewe ilikuja kuishi na mkataba wa namna hiyo kwa upande wa pili, baada ya uasi wa Makedonia wa 1903. Madola makubwa yaliishurutisha ipokee maofisa wa Austria-Hungaria, Urusi, Italia, Ufaransa na Uingereza kurekebisha jandarma, polisi wa kijeshi wa huko, chini ya jenerali Mtaliano, De Giorgis. Maofisa wa mataifa matano, sare ya sultani mmoja. Sultani Abdulhamid alijua vizuri kwamba nguo hiyo inamwokolea heshima na wakati huo huo inatangaza kwamba heshima imekwisha kuingia dosari. Barghash alikufa 1888, na miaka miwili tu baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Mathews akawa waziri mkuu wa serikali ile ile aliyoishonea sare. Alifia hapa kwa malaria Oktoba 1901, akazikwa kwenye makaburi ya Waingereza nje ya mji kwa heshima za kijeshi.

Na neno lenyewe. Sisi tunasema askari, Mturuki anasema asker, na wote tumelichukua kwa Mwarabu. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba vyeo vya Kituruki vilitembea katika pwani hii kwa miguu ya Wasudani. Mjerumani Hermann von Wissmann, alipotumwa 1889 kupambana na Abushiri bin Salim, alikwenda kwanza Misri na kuandikisha Wasudani waliowahi kulitumikia jeshi la huko. Walikuja na vyeo vyao. Koplo wa jeshi la Kijerumani Afrika ya Mashariki akaitwa ombasha, ambayo kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi. Sajini akawa shaushi. Na Mwafrika aliyefika juu kabisa aliitwa efendi. Wajerumani waliondoka, ombasha na shaushi wakabaki kwenye kamusi za wazee. Efendi hakuondoka. Alibadilisha irabu zake tu.

Bibi alimwita babu "afande" alipokuwa amemkasirikia. "Afande, chakula kimepoa." Baba yangu anakumbuka hilo kuliko anavyomkumbuka babu mwenyewe.

Asubuhi ya 27 Agosti 1896 huwa inasimuliwa kama kichekesho cha takwimu: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika thelathini na nane hivi. Watalii huipenda. Vijana wanaotembeza wageni Forodhani huisema kwa Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa, na mgeni hutazama saa yake na kucheka. Sina la kuwalaumu vijana, wanatafuta riziki. Ila kwa aliyeanza kusoma sare, hesabu nyingine inazuia kicheko. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza mfalme bila idhini ya Mwingereza, alikuwa na watu kama 2,800 kasrini, na miongoni mwao askari 700 wa jeshi la Unguja waliohamia kwake. Upande wa pili, chini ya Brigedia Jenerali Arthur Raikes, luteni mwingine wa Kiingereza aliyepandishwa na koti la Unguja, walisimama askari 900. Hao 700 na hao 900 walitoka jeshi moja. Waliokuwa wamefundishwa kugeuka kulia kwa pamoja walielekezeana bunduki. Mtu aliyechungulia dirishani angehitaji zaidi ya kofia kuwatofautisha. Kisha mizinga ya manowari ikaamua, na watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Raikes alipewa nishani ya Kokabu ya Unguja ya daraja la kwanza, kwa kuwashinda askari wa Unguja.

Swali la "askari wa nani" liliulizwa siku ile kwa mizinga, wala sidhani lilijibiwa.

Narudi kwenye riwaya, maana ndiko nilikotarajia kumkuta babu. *Vuta N'kuvute* ni kitabu nilichokisoma mara nne, na bado nakipenda kwa namna kinavyoijua Ng'ambo, ngoma zake, uvumi wake, milango inayofunguliwa usiku. Kinajua pia kitu ambacho vitabu vya majenerali havikijui: kwamba serikali haitembei yenyewe. Inspekta Wright anatoa amri, lakini anayepita vichochoroni ni Koplo Matata. Bila miguu ya Matata, macho ya Wright hayafiki popote. Adam Shafi alilielewa hilo vizuri, na kumpa mtu yule jina la Matata ni mzaha wenye meno.

Lakini riwaya iko upande wa Denge, na ina haki. Denge anatafuta uhuru, Yasmin anatafuta maisha yake baada ya kuozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi sana umri, na msomaji anakimbia nao. Matata anakuja kama kivuli kwenye ukuta. Hatukai naye akivua mkanda. Hatumwoni akiosha miguu, akimsikiliza mkewe akimwambia kuwa watoto wanaitwa watoto wa kibaraka huko chuoni. Nilipoisoma nikiwa na miaka kumi na sita nilimchukia kwa raha. Nilipoisoma mara ya nne, kifungo cha babu kikiwa juu ya meza, nilijiona nikitafuta kati ya mistari nafasi ya kukaa naye hata dakika moja, na mlango ukawa umefungwa. Hili naliona kuwa upungufu, na nalisema kwa heshima, kwa sababu mwandishi anayemjua mpaka mchezaji wa beni angeweza kumjua na koplo. Filamu ya Shivji, ambayo ni nzuri sana kwa rangi na kwa ukimya wake, imeurithi mlango huo ukiwa umefungwa.

Abdulrazak Gurnah ameukaribia kwa njia nyingine. *Peponi*, kama alivyoitafsiri Ida Hadjivayanis mwaka 2022, inaishia pale Yusuf anapowakimbilia askari wa Kijerumani waliokwisha kuwazoa watu kuwa wapagazi. Wanafunzi wenzangu walilichukia jambo hilo. Walitaka akimbilie upande wa pili. Mimi naona ni mojawapo ya miisho ya kweli katika fasihi yetu, kwa sababu inamwonyesha kijana asiye na chake, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akiangalia safu ya watu wenye nguo zinazofanana na kuona humo nafasi ya kuwa mtu. Katika *Afterlives*, ya 2020, Gurnah aliingia ndani ya sare hasa, akamfuata Hamza mpaka kwenye vita na majeraha. Hapo nilimpata babu kidogo. Si matendo yake, maana babu hakupigana na mtu. Nilipata ile sababu ya kuvuka bahari: kwamba nguo ya serikali ni kitu cha kwanza ambacho mtu wa mbali anaweza kuvaa mjini na asiulizwe ni mtoto wa nani.

Maana Unguja huulizwa. Polisi wa zama za babu wengi walikuwa watu wa bara. Sare iliwafanya watu wa Sultani, na ilipovuliwa jioni walirudi kuwa Wanyamwezi, Wamanyema, wageni. Baada ya machafuko ya Juni 1961, yaliyoua watu 68, suala la asili ya askari likawa moto wa siasa. Kufika uhuru wa 10 Desemba 1963 serikali mpya ilikuwa imeanza kuwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara. Waliachishwa, lakini hawakutoweka. Walikuwa hapa hapa mjini, bila sare, wanajua ghala ya silaha iko wapi na mlinzi anabadilishwa saa ngapi. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 kituo cha polisi cha Ziwani kilivamiwa kwa mapanga na marungu, bunduki zikatwaliwa, na miongoni mwa wavamizi walikuwamo askari wa zamani. Serikali iliwavua sare watu wale ikidhani imewavua na walichofundishwa ndani yake.

Na baadaye kidogo, katika mwezi huo huo, mjane mmoja wa Kikwajuni anafunga dirisha na kuchukua kisu cha samaki.

Nilimuuliza kwa nini. Mumewe alikuwa mtu wa bara, na waliopindua wengi wao walikuwa watu wa bara na Waafrika wa visiwani. Aliogopa nini? Aliniangalia kama anayemtazama mtoto aliyesoma sana. "Mjukuu wangu, wakati ule mtu akiingia ndani hasomi. Anaona kofia ya Sultani." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoanza kuandika haya: kwamba kabla ya kuikata aliivaa. Aliivaa mara moja, kichwani mwake, hapo jikoni, ikamfika machoni, kwa sababu babu alikuwa na kichwa kikubwa. Ndani ilikuwa bado ina mafuta yake ya nazi.

Kifungo nilimpelekea yule fundi wa Mlandege nilipomrudishia ziara yake na kadi ya pili. Alikigeuza, akakuna kutu kwa ukucha, akakuta nyuma yake uzi mweusi umeganda kwenye kitanzi. "Huu si uzi wa kiwandani," alisema. "Huu umetiwa kwa mkono. Kilikatika, akakishona upya."

"Nani? Bibi?"

"Au mwenyewe. Askari walijua kushona, usidharau."

Nikapanda daladala pale Darajani kurudi nyumbani. Karibu na Amani tulisimamishwa na trafiki, kijana aliyevaa nyeupe tupu, viatu vinang'aa, kofia yake ya kaki ya kisasa isiyo na uhusiano na Istanbul. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, angeweza kumzaa yule kijana. Alitoa kichwa dirishani, akatabasamu.

"Afande," alisema, "habari za kazi?"

Kijana akajibu nzuri, akazunguka kutazama taa za nyuma.